Hadithi ya Mtoto na Uzito wa Dhamira: Fikira za Mtunzi kutoka Nyanchwa

Utangulizi

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Ni nadra kusoma makala ya mwanafunzi kuhusu fasihi ya watoto bila kukutana na methali hii katika aya ya kwanza, na hata mimi nimeanza nayo kwa sababu ndiyo inayonikera. Methali yenyewe haina kosa. Kosa ni kwamba tumeifanya kuwa nadharia nzima ya utunzi. Mtunzi anayemwona msomaji wake kama samaki hujiuliza swali moja tu: nimkunje kuelekea wapi? Hajiulizi iwapo samaki huyo ana macho, iwapo amekwisha kuona mambo ambayo mtunzi mwenyewe hajathubutu kuyatazama, wala iwapo ana swali lake mwenyewe.

Makala haya yanahusu uteuzi wa dhamira katika hadithi za watoto. Sitaliandikia suala hili kwa mbali kama mhakiki pekee. Mimi ni mzaliwa wa Nyanchwa, pembezoni mwa mji wa Kisii, na sasa ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Kwa miaka michache iliyopita nimekuwa nikitunga hadithi za watoto wa kati ya miaka minane na kumi na mitatu. Hoja yangu ni moja. Dhamira yenye nguvu haitoki katika orodha ya mafunzo mema. Hutoka katika jambo ambalo watoto wa mahali fulani tayari wanaishi nalo, na ambalo watu wazima wa mahali hapo bado hawajalimaliza. Kwa upande wa Nyanchwa na Gusii kwa jumla, jambo hilo nimelipata mahali ambapo mtafiti wa fasihi simulizi hatarajii kulipata: katika uso wa msimulizi mwenyewe, yaani nyanya.

Mada si dhamira

Darasani tumefundishwa kutenganisha maudhui, dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Tunapoingia katika fasihi ya watoto, tofauti hizi zote huyeyuka na kuwa kitu kimoja kiitwacho funzo. Usiseme uongo. Watii wazazi wako. Nawa mikono kabla ya kula. Mhusika mtoto hukosea katika ukurasa wa tatu, huadhibiwa katika ukurasa wa kumi na mbili, na kufikia ukurasa wa kumi na sita ametubu na kijiji kizima kimefurahi.

Sababu za hali hii zinaeleweka, na si haki kuwalaumu watunzi peke yao. Nchini Kenya, mnunuzi mkubwa wa kitabu cha mtoto ni shule. Kitabu kinachotaka kuingia shuleni hupitia Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, na kikiidhinishwa huorodheshwa katika kile ambacho walimu wamekizoea kwa jina la Kitabu cha Chungwa. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, una orodha ya maadili na ya masuala mtambuko: afya, mazingira, usalama, uraia, haki za watoto. Mchapishaji anayetaka kuuza humpa mtunzi orodha hiyo, naye mtunzi huchagua kipengele kimoja, akakivika kaptura na kukipa jina la mtoto.

Orodha hiyo si mbaya. Shida ni kwamba ina mada tu, ilhali mtunzi anahitaji dhamira. Nitatoa mfano mdogo. Kunawa mikono ni mada. Kwetu Kisii mvua ni nyingi, lakini ardhi ni ya milima: nyumba ziko juu na chemchemi ziko bondeni. Mtoto ambaye mwalimu amemwamuru anawe mikono mara tano kwa siku, na ambaye amemwona mama yake akipanda mlima na mtungi kichwani mara mbili kabla ya jua kuchomoza, ana tatizo la kweli. Mwalimu ana haki, na mama naye ana haki. Maji atakayonawa yatatoka mgongoni mwa nani? Hapo ndipo mada inapoanza kuwa dhamira, kwa kuwa haki mbili zimekutana katika viganja vya mtoto mmoja, naye hana budi kuamua.

Utanzu wetu wa kale uliijua siri hii. Katika Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi za Zanzibar ambao Edward Steere aliuchapisha mwaka 1870, kuna kisa cha kima aliyefanya urafiki na papa. Papa anambeba kima mgongoni kuvuka bahari, na katikati ya safari anamfunulia kwamba sultani wa kwao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anaokoka kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha nyumbani, mtini. Hadithi hii imesimuliwa kwa vizazi na watoto hawajaichoka. Wakati anaposimuliwa, mtoto haambiwi popote kwamba awe mwangalifu. Anawekwa katikati ya maji, juu ya mgongo wa rafiki anayehitaji moyo wake, halafu anaachwa afikirie. Je, rafiki anayekuomba uhai wako bado ni rafiki? Na je, ni uongo kumdanganya mtu anayekupeleka kwenye kifo? Swali hili la pili lingemtatiza hata mwalimu wa maadili.

Karibu nasi zaidi, marehemu Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, aliwaandikia watoto Ndoto ya Amerika. Angeweza kuifanya hadithi hiyo kuwa onyo dhidi ya tamaa ya ughaibuni. Badala yake aliichukulia ndoto ya mtoto kwa uzito wake, akamruhusu aifuate, na msomaji akacheka na kuhuzunika pamoja naye. Nguvu ya dhamira hapo inatokana na heshima ambayo mtunzi anaipa tamaa ya mtoto.

Nyanchwa na nyanya

Nyanchwa ni jina la kilima, ni jina la mtaa, na ni jina la kituo cha misheni cha Waadventista wa Sabato kilichoanzishwa katika miaka ya 1910. Kwa zaidi ya karne moja mahali hapa pamehusishwa na shule, na ni vigumu kupata ukoo katika sehemu zetu usio na mwalimu. Ukisimama juu ya kilima unauona mji wa Kisii bondeni, ambao wazee bado wanauita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Mtoto wa Nyanchwa huamkiwa kwa Ekegusii, hucheza kwa Kiswahili na kwa Sheng na watoto wa wapangaji waliotoka kila pembe ya nchi, na hufanya mtihani kwa Kiingereza. Ana lugha nyingi za kuulizia maswali.

Hadithi za Abagusii huitwa emegano, na msimulizi wake mkuu katika kumbukumbu zetu ni magokoro, yaani nyanya. Nyanya yangu mzaa mama ndiye aliyenipa fasihi kabla sijajua kwamba kuna somo la jina hilo. Alisimulia akimenya ndizi za kupika, bila kuinua macho, na alijua kunyamaza mahali panapostahili mpaka tukamsihi aendelee. Kila ninaposoma nadharia ya usimulizi na kukutana na neno taharuki, mimi huisikia sauti ya kisu chake kikikwaruza ganda la ndizi.

Alipozidi kuwa mkongwe, nyanya aliacha kutoka nje jioni. Hakuwa mgonjwa wa miguu. Aliacha kwa sababu mwanamke mzee anayeonekana njiani gizani, katika sehemu zetu, huulizwa maswali ambayo kijana haulizwi. Binti zake ndio waliomwomba akae ndani. Sisi wajukuu hatukuelezwa chochote, lakini tulifahamu. Watoto hufahamu mambo ya aina hiyo kama wanavyofahamu kwamba mvua inakuja.

Kilichoogopwa hakikuwa njozi. Mwezi Mei 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto katika vijiji vya Kisii baada ya kutuhumiwa kuwa wachawi. Katika habari za siku zile kulikuwa na jambo moja ambalo sijaweza kulisahau tangu nilipolisoma. Wanakijiji waliwaeleza wanahabari kwamba katika shule moja ya msingi lilipatikana daftari lililokuwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi, pamoja na majina ya watu ambao wangerogwa baadaye. Miaka kumi na mitatu ikapita. Mwezi Oktoba 2021, katika eneo la Marani, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa njia iyo hiyo, wakidaiwa kumroga mwanafunzi.

Ninawaomba wanafunzi wenzangu walitafakari daftari hilo. Aliyeliandika hajulikani kwangu, wala sijui kama lilikuwapo kwa kweli. Ninalolijua ni kwamba watu walikuwa tayari kuamini karatasi iliyopatikana shuleni kuliko kuamini maisha ya miaka themanini ya jirani yao. Sisi tunaotunga hadithi za watoto tunafanya kazi kwa karatasi hizo hizo, katika shule hizo hizo. Hatuwezi kudai kwamba maandishi yetu hayana uzito kwa kuwa ni ya watoto.

Sura ya hofu

Likizo moja ya Agosti nilikuwa na desturi ya kuwasomea watoto wa jirani hadithi kila Jumapili alasiri, Jumamosi ikiwa siku ya ibada na utulivu. Tulikaa barazani, watoto wapatao kumi na wawili, na vitabu vya kila aina vilivyochakaa. Siku moja, baada ya hadithi ya tatu mfululizo ambamo mtu mbaya alikuwa kikongwe aishiye peke yake, mvulana wa miaka kumi aliinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, kwani mchawi hawezi kuwa kijana?" Wenzake walicheka. Msichana mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango hakucheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba anaishi na nyanyake, wawili tu, katika nyumba iliyo mwisho wa kijia.

Swali la mvulana yule lilinirudisha maktabani. Nilianza kuzihesabu sura za hofu katika vitabu ambavyo watoto wetu wanasoma. Hadithi inayojulikana mno kutoka Ujerumani, ile ya Hansel na Gretel iliyochapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812 na ambayo huuzwa hadi leo katika maduka yetu ya vitabu, ina kikongwe aishiye msituni. Mwishowe mtoto anamsukuma ndani ya tanuri, naye anaungua, na msomaji mdogo anatarajiwa kufurahi. Katika matoleo yaliyofuata, wachawi wanaelezwa kuwa na macho mekundu. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Macho mekundu! Katika maeneo ya Shinyanga na Mwanza nchini Tanzania, wanawake wakongwe kwa miaka mingi wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo ni wa moshi wa jikoni, wa kupikia watoto na wajukuu kwa kuni na samadi kavu maisha yao yote. Kilifi, katika pwani yetu wenyewe, dalili ni mvi, na wanaolengwa zaidi ni wazee wa kiume. Kule Ganze kuna mahali paitwapo Kaya Godoma ambapo wazee waliotuhumiwa wamekuwa wakikimbilia kuokoa maisha yao, na imeripotiwa kwamba baadhi ya wazee wa kaunti hiyo hupaka nywele zao rangi nyeusi ili wasionekane kuwa wazee.

Sidai kwamba hadithi ndizo zilizoua. Nyuma ya tuhuma nyingi kuna shamba linalogombaniwa, kuna ugonjwa usiopata daktari, kuna kifo cha ghafla ambacho familia inatafuta wa kukibebesha. Anayewasha kiberiti ni mtu mzima, na anajua anachokifanya. Lakini hofu huhitaji sura ili imwelekee mtu fulani, na mtoto anapoipewa sura hiyo mara mia kabla ya kufikisha miaka kumi, atakapokuwa kijana wa miaka ishirini hataona ajabu umati ukielekea kwenye nyumba ya mwisho wa kijia. Atakuwa ameshaisoma hadithi hiyo, na anajua inavyokwisha.

Ni lazima nieleze kwamba hadithi za nyanya yangu hazikuwa hivyo. Katika emegano alizonisimulia, mla watu alikuwa zimwi, kiumbe kisicho na ukoo wala boma. Hakuna mtoto aliyeweza kumtazama jirani yake na kusema, "Huyu ndiye." Msimulizi alituogofya usiku kucha, na asubuhi tulimwamkia kila mzee njiani bila wasiwasi. Urithi wetu, kwa hiyo, hauna haja ya kutetewa dhidi ya hoja yangu. Urithi huo ndio ulionifundisha hoja yenyewe.

Maswali manne ya mtunzi

Kutokana na fikira hizi nimejiwekea maswali manne ambayo huyauliza kila ninapotaka kuteua dhamira. Si kanuni, na sitarajii kila mtu ayakubali.

La kwanza: je, mtoto wa mahali hapa tayari analijua jambo hili bila kuelezwa? Ikiwa analijua, kunyamaza kwangu hakumlindi. Kunamwacha nalo peke yake.

La pili: je, kuna haki mbili zinazokinzana? Dhamira yenye upande mmoja ni tangazo. Hadithi inayosema kwamba ni vibaya kuua wazee haina dhamira, kwa kuwa hakuna mtoto atakayebisha. Lakini hadithi ambamo mtoto anampenda baba yake, na baba huyo ni miongoni mwa wanaonong'ona, hiyo ina mzigo.

La tatu: je, mtoto ana jambo la kufanya ambalo ni la kimo chake? Hapa ndipo hadithi nyingi zenye nia njema huanguka. Ama mtoto anaokoa kijiji kizima kwa hotuba moja, jambo ambalo wasomaji wake wanajua haliwezekani, ama anatazama tu huku watu wazima wakitatua kila kitu. Mtoto hawezi kuuzuia umati. Anaweza kubeba mtungi, kushika mkono, kukataa kucheka, kusema alichokiona.

La nne: je, watu wazima nao wanahojiwa? Methali yetu ya samaki humweka mtoto peke yake mezani. Dhamira nzito humweka mezani kila mtu.

Nitaonyesha jinsi maswali haya yanavyofanya kazi katika hadithi ninayoiandika sasa. Mhusika wangu ni Kerubo, msichana wa miaka tisa. Jirani yake, Nyanya Bosibori, ameonekana mara kadhaa usiku akitembea kando ya ua wa watu wengine. Minong'ono imeanza. Kerubo anajua jambo ambalo wengine hawalijui: Nyanya Bosibori anasahau. Ameshikwa na maradhi ya kusahau yanayowapata baadhi ya wazee, naye hutoka usiku kuitafuta nyumba ya ujana wake, iliyobomolewa zamani. Kerubo anajua kwa sababu kikongwe huyo amemwita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, na akamwuliza njia ya kurudi kwao. Babake Kerubo ni mtu mwema anayempenda binti yake. Ameuguliwa na mtoto mchanga, na amechoka kutokupata jibu hospitalini. Yeye pia ananong'ona.

Je, Kerubo afanye nini? Katika rasimu yangu hatoi hotuba. Siku ya soko, mchana, watu wakiwa wengi, anamshika mkono Nyanya Bosibori na kutembea naye polepole kutoka mwisho wa kijia hadi sokoni, wapite mbele ya duka ambapo babake ameketi na wenzake. Njiani kikongwe anamwuliza swali lile lile mara sita, na mara sita Kerubo anamjibu. Watu wanasikia. Babake anasikia. Hadithi haisemi kwamba minong'ono ilikoma siku hiyo. Inaishia baba akiinuka kwenye kiti chake, na msomaji ndiye anayepaswa kuamua ameinukia nini.

Pingamizi

Nilipoiwasilisha rasimu hii mbele ya wenzangu katika semina, nilipata pingamizi mbili ambazo zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza ilikuwa kwamba dhamira nzito humnyang'anya mtoto utoto wake. Aliyeitoa ni mzazi, na ninaiheshimu. Jibu langu ni kwamba uzito wa dhamira na ukali wa matukio ni mambo mawili tofauti. Katika hadithi ya Kerubo hakuna moto, hakuna damu, hakuna maiti. Kuna mkono ndani ya mkono. Mtoto wa miaka minane ataisoma kama hadithi ya msichana aliyemsaidia nyanya aliyepotea, na inatosha. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ataisikia minong'ono. Kinyume chake, hadithi ya Hansel na Gretel ina tanuri na mauaji, na bado tunaiuza kama burudani nyepesi. Isitoshe, utoto tunaodhani tunaulinda huenda haupo. Watoto wa vijiji vya 2008 na vya 2021 hawakuhitaji kitabu ili wajue yaliyotokea. Walipita njiani wakienda shuleni.

Pingamizi ya pili ilitoka kwa wanaopenda ucheshi. Walisema kwamba mtoto asomapo anataka kucheka. Naam, na Kerubo ana kaka mdogo anayemfuata kila mahali na kuku wake chini ya kwapa, na kuku huyo hana adabu. Ucheshi hauikimbii dhamira nzito. Nyanya yangu alituchekesha zaidi pale zimwi lilipokaribia. Mtunzi asiyeweza kumchekesha mtoto hatasikilizwa pale anapokuwa na jambo la kumwambia.

Kuna suala la tatu ambalo hakuna aliyeniuliza, lakini najiuliza mwenyewe: kwa nini niiandike hadithi ya Nyanchwa kwa Kiswahili, si kwa Ekegusii? Ninatumaini siku moja kuiandika kwa lugha zote mbili. Lakini nilipoona kwamba nyanya wa Marani aliuawa kwa ukongwe wake, nyanya wa Shinyanga kwa macho yake na babu wa Ganze kwa mvi zake, nilitambua kwamba hii ni hadithi moja yenye sura tatu, na lugha pekee inayoweza kuifikisha kwa wajukuu wa wazee hao wote ni hii tunayoisomea. Tunazungumza sana kuhusu Kiswahili kama lugha ya umoja wa Afrika Mashariki, hasa kila tarehe 7 Julai tunapoiadhimisha siku yake. Hadithi ya mtoto ni mahali pazuri pa kuujaribia umoja huo: je, mtoto wa Kilifi anaweza kumtambua babu yake katika nyanya wa Kisii?

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba dhamira yenye nguvu katika hadithi za watoto hupatikana pale ambapo mtoto anaishi na swali ambalo watu wazima wanalikwepa, pale ambapo haki mbili zinakutana, na pale ambapo mtoto ana tendo la kimo chake. Mifano yangu imetoka Gusii kwa sababu ndiko ninakokujua. Mwenzangu wa Turkana, wa Lamu au wa Bungoma atakuwa na swali lake, na ningependa kulisoma katika kurasa za jarida hili.

Kwa walimu wetu ninayo rai moja. Kozi ya fasihi ya watoto inapofundishwa, aghalabu tunaombwa kuhakiki lugha, michoro na ufaafu wa kitabu kwa umri. Tuombwe pia kuhesabu: ni nani anayeogopwa katika vitabu hivi, ana umri gani, anaishi na nani, na je, msomaji wake ana jirani wa namna hiyo? Ni zoezi ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kulifanya kwa vitabu ishirini katika muhula mmoja. Matokeo yake yangemfaa mtunzi, mchapishaji na mwalimu wa shule ya msingi kwa pamoja.

Kwa watunzi wenzangu nitasema hili tu. Wasimulizi wetu wa kwanza wanazeeka, na baadhi yao hawatoki nje jioni. Kabla hatujawapelekea vinasa sauti tukusanye emegano zao kwa ajili ya tasnifu, tujiulize ni hadithi gani tunazowasomea majirani zao wadogo.